Gunia la korosho zetu nimelikuta Vietnam

Habari zenu ndugu zangu. Wakubwa shikamooni. Hapa nilipo ni saa mbili asubuhi, huko nyumbani ni saa kumi alfajiri, najua wengi mtaiangalia video hii mkishaamka.

Nimekaa nje ya kiwanda cha kubangua korosho huku Binh Phuoc, saa tatu kwa basi kutoka Jiji la Ho Chi Minh. Watu bado wanapaita Binh Phuoc, ingawa tangu tarehe 1 Julai 2025 serikali ilipopunguza mikoa kutoka 63 hadi 34, mkoa huu umeunganishwa na Dong Nai. Mwenye kiwanda ni mama mmoja ninayemwita cô, yaani shangazi. Vietnam humwiti mtu mzima kwa jina tupu, lazima umpe heshima yake kama kwetu.

Jana shangazi alinipeleka ghalani. Magunia yamepangwa mpaka karibu na bati. Nikapita mstari wa kwanza, wa pili, kwenye wa tatu nikaona gunia limeandikwa Tanzania kwa herufi za kijani. Nikaomba ruhusa nilifungue. Nilipochota korosho na kuzirudisha, kiganjani kilibaki kivumbi chekundu. Jamani, ule udongo naujua. Ni udongo wa kwetu, wa uwanda wa juu wa Makonde. Nilisimama pale nikashindwa kuongea, na sioni aibu kuwaambia.

Mimi ni mtoto wa Tandahimba, mkoani Mtwara. Ada yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye mikorosho ya baba. Kupuliza salfa nimepuliza, kuokota nimeokota, kuanika nimeanika, na gunia nimelibeba kichwani mpaka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kisha tukakaa kusubiri mnada kama mgonjwa anavyosubiri daktari. Meli ikishang'oa nanga bandarini Mtwara, sisi habari yetu inaishia hapo. Leo nataka niwaonyeshe inapoendelea.

Korosho zikifika hapa zinapigwa mvuke, ili ganda lipasuke kwa urahisi. Zikipoa zinaingia kwenye mashine yenye visu, inalipasua ganda pande mbili bila kuivunja korosho yenyewe. Halafu zinakaushwa, ile ngozi ya kahawia inatolewa kwa upepo, kisha zinapita chini ya kamera inayotenganisha nyeupe na zilizoungua. Mwisho kabisa wamekaa kina mama kwenye meza ndefu, wanachambua kwa macho yale ambayo mashine imeyakosa. Bibi yangu alikuwa anabangua kwa jiwe na kijiti. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mwaka mzima kwa yale mafuta ya ganda, na vilikuwa vinachubuka. Hizi mashine nyingi zimetengenezwa humu humu Vietnam, na mafundi wao wenyewe.

Kwa hiyo leo Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa. Na mikorosho yao haitoshi kulisha viwanda vyao! Sehemu kubwa ya korosho ghafi wanainunua Kambodia na kwetu Afrika: Ivory Coast, Ghana, Nigeria, Tanzania.

Sasa msiniambie hawa walikuwa matajiri tangu zamani. Vita na Marekani viliisha Aprili 1975. Mwisho wa 1978 wakaingia Kambodia, na Februari 1979 China ikawavamia kutoka kaskazini. Mwaka 1986 mfumuko wa bei ulipita asilimia 700. Watu walikuwa wanapanga foleni ya mchele na kuponi mkononi. Wazee wetu waliokumbana na maduka ya kaya wanaelewa nasema nini. Desemba 1986 chama tawala kikabadilisha mwelekeo, wakauita Doi Moi, yaani kufanya upya. Mkulima akaruhusiwa kuuza mavuno yake. Kufika 1989, nchi iliyokuwa inaagiza chakula ikawa inauza mchele nje.

Na sisi miaka ile ya 1970 tulijenga viwanda vya kubangua korosho Kusini, vikubwa tu. Vingi vikaja kugeuka maghala. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu tulianza mapema.

Nilimuuliza shangazi tofauti iko wapi. Nilitegemea ataniambia mtaji. Akaniambia umeme. Kiwanda kinataka mvuke, visu, upepo na kamera kwa wakati mmoja, na saa moja bila umeme ni hasara ya siku. Ikabidi nikaisome habari ya umeme wao, na naomba mnisikilize vizuri hapa.

Walijenga bwawa la Hoa Binh, kaskazini, kwa msaada wa Wasovieti. Megawati 1,920. Likawa na umeme mwingi kuliko mahitaji ya kaskazini, huku kusini, ambako viwanda vilikuwa vinaanza, giza tupu. Waziri Mkuu Vo Van Kiet akasema ijengwe laini moja ya kilovoti 500 kutoka juu mpaka chini ya nchi, karibu kilomita 1,490, kwa miaka miwili. Wataalamu wengi walimwambia haiwezekani. Walianza 1992, na wanajeshi wakawa miongoni mwa waliopandisha vyuma milimani. Mwaka 1994 ikawashwa. Kisha 2023 kaskazini ikakosa umeme wakati wa joto, viwanda vikasimama. Mwaka uliofuata wakamaliza laini nyingine ya kilomita 519, kazi ya miezi isiyofika hata mwaka.

Bwawa letu la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Ni kubwa kuliko Hoa Binh ya wakati ule, ndugu zangu. Kwa hiyo ninachokiulizia sasa ni waya. Nataka kujua umeme ule unafikaje Newala, Masasi na Tandahimba ukiwa na nguvu ya kuendesha mashine, si ya kuwasha taa na kuchaji simu tu.

Kwenye reli tumewatangulia, na hili nalisema kwa fahari. Treni ya Hanoi kuja Saigon, jina la zamani la Jiji la Ho Chi Minh, inapita reli ya upana wa mita moja, kama reli yetu ya zamani ya Kati. Walioijenga ni Wafaransa, ikakamilika 1936, kilomita 1,726. Nimeipanda, zaidi ya saa 30 kwenye kitanda cha mbao. Wao reli ya mwendokasi bunge lao limeipitisha Novemba 2024, kilomita 1,541, kwa gharama ya dola bilioni 67 hivi. Sisi Dar mpaka Dodoma tunakwenda na SGR ya umeme tayari. Hata treni ya mjini Saigon, ya kwanza, walianza ujenzi 2012 na abiria wakapanda Desemba 2024. Kuchelewa si ugonjwa wetu peke yetu.

Na wana wasiwasi wao. Mwaka 2024 waliuza nje bidhaa za zaidi ya dola bilioni 400, lakini kama asilimia 70 ya mauzo hayo yanatoka kwenye kampuni za wageni. Samsung inatengeneza karibu nusu ya simu zake hapa, ila vipuri vingi vinatoka Korea na China. Aprili 2025 Marekani ilipotangaza ushuru wa asilimia 46, huku mtaani watu walikuwa hawazungumzi kingine. Baadaye ukashushwa hadi asilimia 20. Ukimtegemea mnunuzi mmoja, usiku huna usingizi. Sisi wa korosho tunalijua hilo.

Sasa jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Wewe mwenye laini ya Halotel, mwenye kampuni ni Viettel, na Viettel ni mali ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Ni jeshi hilo. Lumitel kule Burundi na Movitel kule Msumbiji ni ya hao hao. Kijijini kwetu mnara wa kwanza uliotuwezesha kupiga simu bila kupanda kichuguu ulikuwa wao, mimi nikidhani ni kampuni ya biashara kama nyingine. Kumbe ni jeshi lililojifunza kujenga mawasiliano, kisha likayauza mpaka Tandahimba.

Ulinzi hapa si hadithi. Mwaka 1988 wanamaji wao 64 waliuawa na China kwenye mwamba mmoja wa visiwa vya Spratly, na kila mtu anaijua namba hiyo. Wamenunua nyambizi sita kutoka Urusi, ziko kambi ya wanamaji ya Cam Ranh. Lakini msimamo wao ni hapana nne: hawaingii muungano wa kijeshi, hawashirikiani na nchi moja kuipiga nyingine, hawatoi ardhi kwa kambi ya wageni, na hawatumii nguvu wala vitisho. China ni jirani na mteja, Marekani waliyopigana nayo ni mnunuzi mkubwa. Wanakaa na wote.

Mtoto wa mwenye nyumba wangu amekwenda jeshini mwaka huu, miezi 24 kwa mujibu wa sheria. Siku ya kuondoka mama yake alimfungia mfuko wa korosho za kukaanga, zile za chumvi zenye ngozi yake. Nilimsaidia kuufunga. Sikumwambia kwamba huenda zimetoka kwetu.

Mjomba, wewe uliyenitumia ujumbe wa sauti kuniuliza maganda wanayapeleka wapi, nimekwenda nyuma ya kiwanda kuangalia. Yanakamuliwa mafuta, yale yale yaliyomuunguza bibi vidole. Yanauzwa kutengenezea rangi na breki za magari. Makapi yanayobaki wanayaingiza tanurini, ndiyo yanayochemsha maji ya kupigia mvuke korosho nyingine. Moshi huu mnaouona nyuma yangu ni wa maganda ya kwetu.