Ile brosha ya IKEA: hapana, sikulipwa

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wengine mambo vipi. Leo naongelea ile brosha niliyowaonyesha, ya IKEA, wale wauza fanicha wa Uswidi, maana nimechoka. Kila video, hata ile ya kupika makande, kuna mtu anaandika: "Dada, IKEA walikupa bei gani?" Kabla sijajibu mwingine ananijibia, "huyo hasemi, anaogopa mizinga."

Sikulipwa hata senti. IKEA hawanijui! Ilikuwa kazi ya darasani, huku Uingereza ninakosomea ubunifu. Mwalimu anachagua duka linalojulikana, kila mwanafunzi anatengeneza brosha kana kwamba mteja yupo kweli. Yangu ilihusu fanicha za mtu anayeishi chumba kimoja. Na mtego ulikuwa hapo, kwa sababu IKEA wenyewe katalogi yao, kile kitabu cha bidhaa walichokianza 1951, walishaacha kuichapa, toleo la 2021 ndilo la mwisho. Mwaka 2016 walikuwa wanagawa nakala milioni 200, kwa lugha 32. Sasa wewe mwanafunzi umshawishi mwalimu kwamba bado kuna mtu atashika karatasi. Mimi nilijitetea kwa vipimo: mtu akiwa na chumba kidogo anataka kujua kitanda kitaenea au hakienei, basi nikaweka ramani ya chumba katikati, aikunjue, achore.

Mtasema najidai. Haya, ngoja nilalamike kidogo ili tuwe sawa.

Programu ya kupangia kurasa chuo kinatupa. Kuchapa ni mfuko wako. Brosha ya kupiga pini katikati, kurasa lazima zigawanyike kwa 4, kwa sababu karatasi moja ukiikunja inakupa kurasa nne. Una maneno ya kurasa 14? Unalipia 16. Halafu rangi. Kwenye skrini ni mwanga, kwenye karatasi ni wino wa rangi nne, kwa hiyo ile buluu iliyokuwa inawaka inarudi imepoa, unarekebisha, unalipia nakala nyingine ya majaribio. Kariakoo ningesimama nyuma ya fundi nikamwambia "kaka, ongeza buluu kidogo," yakaisha. Huku unatuma faili, unasubiri boksi.

Sasa hili la viza ndilo linaloniuma. Mwenye duka la nguo mtaani ninapoishi huku aliiona ile brosha akataka ya kwake, na hela anatoa. Sikuweza. Viza yangu ya mwanafunzi hapa Uingereza inaniruhusu kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kujiajiri, marufuku. Yaani kuosha vyombo mgahawani ruksa, ila kumtolea mtu ankara kwa kazi niliyovuka bahari kuja kuisomea, hapana. Nikamwambia basi niajiri kwa mkataba, saa chache tu. Aliposikia kuna mambo ya mishahara na kodi, akaniaga vizuri.

Na msiniandikie "chukua keshi, nani atajua." Ada ya afya wanayotutoza pamoja na viza, peke yake ni pauni 776 kwa mwaka, na ya miaka yote ya viza unailipa kabla hujapanda ndege. Nyumbani mnajua kiwanja kilivyouzwa. Niyachezee hayo yote kwa brosha ya sketi?

Halafu kuna mjomba. Nampenda, ila ana duka la vifaa vya ujenzi na anataka brosha yenye kila bomba na kila msumari alionao, bure, "si una kompyuta ya Ulaya?" Nimemwomba picha za bidhaa, kanitumia picha za WhatsApp, kidole chake kinaonekana. Nitaifanya. Shangazi ameshapiga simu.

Mkiniuliza kama muje kusomea ubunifu, mimi nasema yangu tu. Aliyeko Ujerumani au Kanada ana sheria zake, asome karatasi zake mwenyewe, asisikilize video. Kazi kama hizi mimi naziweka kwenye mkoba wa kazi zangu, ila nimeandika wazi "zoezi la darasani," kwa sababu mwajiri anaweza kuuliza, na wanauliza.

Na wewe kaka unayeomba faili ubadilishe nembo umuuzie mtu wa Mwanza, ujumbe wako nimeuona mara zote ulizotuma. Sitoi.