Bastola za straika: triga inayolainika na springi inayochoka

REHEMA: Karibuni tena, wapenzi wa shabaha. Mimi ni Rehema, na pembeni yangu yupo Fundi Athumani. Fundi, shikamoo.

ATHUMANI: Marahaba, mwanangu. Wasikilizaji, hamjambo nyote.

REHEMA: Leo tunaanza na swali tulilotumiwa. Msikilizaji ana bastola ya straika, aliinunua mpya, leseni yake haijakatika, na kila akipata nafasi anakwenda nayo uwanjani. Anasema mwanzoni triga ilikuwa inakwaruza, na sasa inateleza vizuri mpaka anaifurahia. Anauliza: imekaa sawa, au imeanza kuisha?

ATHUMANI: Ameuliza la maana, maana kwenye kidole yote mawili yanaanza kwa kufanana. Chuma kipya kina vinundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Vipande vikisuguana, vile vinundu vinalala, na triga inalainika yenyewe. Hiyo ni hali ya kawaida kwa risasi mia chache za mwanzo. Mimi nikiletewa bastola ya namna hiyo huuliza jambo moja: imebadilika polepole au ghafla? Kama ni polepole, na imefika mahali ikatulia, basi imekaa sawa. Kama juzi ilikuwa hivi na leo iko vingine, kuna kitu kimevunjika, kimechoka au kimehama mahali pake. Hiyo usiijaribu na risasi mpaka ifunguliwe.

REHEMA: Hebu tuingie ndani ya chombo chenyewe, kwa sababu bastola ya nyundo unaiona nyundo kwa macho. Hii ya straika kila kitu kimefichwa.

ATHUMANI: Nyundo hakuna kabisa. Ndani ya slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola ikipigwa, kuna pini ndefu yenye springi yake. Pini hiyo ndiyo straika, na springi ndiyo inayoirusha mbele ikagonge praima, kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha risasi. Wazo lenyewe ni la zamani. Bastola ya FN ya mwaka 1900, aliyoibuni John Browning, ilikuwa ya straika, na springi iliyorudisha slaidi ndiyo hiyo hiyo iliyosukuma straika. Lakini hizi tunazoshika leo, tuzianzie Austria mwaka 1982, jeshi la huko lilipoichukua Glock 17. Gaston Glock hakuwa mtengenezaji wa silaha kabla ya hapo, na akaja na bastola yenye fremu ya plastiki ngumu na vipande vichache sana.

REHEMA: Sasa nieleze kidole kinahisi nini. Nikianza kuivuta, kwanza kuna ulegevu.

ATHUMANI: Naam. Ule ulegevu una kazi yake. Pale mbele ya triga kuna ulimi mdogo, ukiubonyeza ndipo triga inaruhusiwa kwenda. Halafu baa ya triga, kile chuma kinachounganisha triga na straika, inasogea nyuma na kusukuma juu kile kitufe kinachoizuia straika isiende mbele. Kufika hapo unakutana na ukuta. Kwenye Glock straika inakuwa imevutwa nusu tu, slaidi ndiyo iliyoivuta ilipofanya safari yake. Sehemu iliyobaki unaivuta wewe kwa kidole. Ukipita ukuta, baa inakutana na konekta, kile kibati chenye pembe, nacho kinaishusha chini. Mkia wa baa unaiachia straika, risasi inatoka.

REHEMA: Kwa hiyo ninapovuta, nakuwa nashindana na springi ya straika.

ATHUMANI: Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya uzito unaouhisi. Kwenye Glock ya kawaida ni karibu kilo mbili na nusu. Na hapa kuna jambo watu hulishangaa: kwenye vizazi vinne vya mwanzo kuna springi ya triga yenye umbo la S, na ile haikupingi, inakusaidia kuvuta. Ukiweka ngumu zaidi, triga inakuwa nyepesi. Ndiyo maana ikikatika, na kwa miaka mingi ya matumizi hukatika, triga inabaki imelegea. Kizazi cha tano, kilichotoka 2017, kikaja na springi ya namna nyingine.

REHEMA: Ngoja nikuzuie hapo, fundi. Mtu akisikia kwamba uzito unatokana na springi ya straika, kesho atakwenda kununua springi dhaifu ili triga iwe nyepesi.

ATHUMANI: Na wanafanya hivyo kila siku! Triga kweli inakuwa nyepesi, lakini ile springi ndiyo inayogonga praima. Ukiipunguzia nguvu, unapunguza pigo. Utavuta, utasikia "tik", na risasi haitoki. Kwa anayeshindana uwanjani ni alama zimepotea. Kwa askari au mlinzi, ni uhai wake. Na hata bila kubadilisha chochote, springi ya asili ikichoka inafanya vilevile: triga inazidi kuwa laini kidogo kidogo, mwenye bastola anafurahi, kumbe pigo nalo linapungua. Kwa hiyo yule ndugu aliyeuliza, nitamwomba aokote maganda yake.

REHEMA: Maganda ya risasi alizopiga?

ATHUMANI: Hayo hayo. Ageuze kitako cha ganda kwenye mwanga aangalie alama ya straika. Glock za vizazi vinne vya mwanzo zina alama inayotambulika, kwa sababu ncha ya straika yake ni bapa na tundu inalopitia ni la mstatili. Wachunguzi wa silaha wanaitambua wakiiona tu. Sasa alinganishe na ganda alilopiga wakati bastola ni mpya, kama analo, kwa risasi za aina ile ile. Shimo likiwa limezidi kuwa fupi, springi imechoka au njia ya straika imejaa uchafu. Alama ikiwa na mkia, imeburuzwa upande mmoja, maana yake ncha ya straika ilikuwa bado imezama kwenye praima wakati mtutu unashuka kufungua. Hiyo akamwonyeshe fundi, kwa sababu ncha inayoburuzwa hivyo kila mara inaweza kuumia.

REHEMA: Mimi ninaweka ganda moja la kila boksi kwenye kijaluba cha vidonge, na tarehe juu yake. Naona sasa faida yake.

ATHUMANI: Hongera, endelea hivyo hivyo. Springi nyingine ya kuangalia ni ile kubwa iliyo chini ya mtutu, inayorudisha slaidi. Hii kidole hakiihisi kwenye triga, mkono mzima ndio unaihisi. Ikichoka, teke linakuwa kali, slaidi inagonga fremu kwa nguvu, na vipande vingine vyote vinaumia kwa ajili yake. Kipimo chake mafundi wa Glock wanakijua. Unatoa magazini, unahakikisha chemba ni tupu, kwa jicho na kwa kidole, mara mbili. Unaelekeza mtutu juu kwa nyuzi kama 45, upande usio na mtu. Unavuta triga na kuishikilia nyuma. Huku umeishikilia, unavuta slaidi mpaka mwisho, kisha unairudisha taratibu kwa mkono, bila kuiachia. Inatakiwa ijifunge yenyewe mpaka mwisho. Ikikwama kabla ya kufunga, springi hiyo imemaliza kazi.

REHEMA: Na hata kiwandani wanakosea kwenye springi. Mwaka 2011 Glock wenyewe walitangaza kubadilisha bure springi za kurudisha slaidi kwenye kizazi cha nne.

ATHUMANI: Ni kweli, na walifanya vizuri kutangaza. Springi ni kitu kidogo, bei yake ndogo, lakini bastola nzima inaitegemea. Huku pwani kuna na chumvi. Bastola inashinda kwenye ala, kiunoni, jasho na hewa ya bahari, halafu mtu ananiambia sijapiga risasi hata moja mwaka huu, itachakaa vipi? Kutu haisubiri upige.

REHEMA: Tuzungumze uzito wa triga, maana ndiko mabishano yaliko. Wapo wanaosema triga nzito ni usalama.

ATHUMANI: New York walilijaribu hilo kwa muda mrefu. Polisi wa jiji walitumia Glock zenye triga ya takriban kilo tano na nusu, zaidi ya mara mbili ya ile ya kawaida. Walikuwa wanatoka kwenye revolva, zile bastola za silinda inayozunguka, na hofu ilikuwa askari ataifyatua kwa bahati mbaya. Sasa jaribu kuvuta kilo tano na nusu kwa kidole kimoja, kwa kitu chenye uzito usiofika hata kilo moja, mkono usitikisike.

REHEMA: Ikaja siku ya Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State. Askari wawili walimkabili mtu aliyetoka kuua, wakapiga risasi 16, na wapita njia tisa wakajeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Baada ya hapo mjadala wa triga nzito ukawaka.

ATHUMANI: Mimi sisemi triga ndiyo iliyojeruhi wale watu. Njia ilijaa watu, na lile lilikuwa jambo la sekunde chache. Lakini nasema wazi kwamba triga nzito haimfundishi mtu kutoa kidole. Kidole kinakaa nje, juu ya fremu, mpaka umeamua kupiga. Hilo ni zoezi, haliuzwi kama springi.

REHEMA: Upande wa pili kuna nyepesi mno. Hapo watu wataitaja P320, bastola ya kampuni ya SIG Sauer.

ATHUMANI: Tuitaje kwa haki. Ilitoka 2014, na Januari 2017 jeshi la Marekani likaichagua, ikapewa jina la M17, na ile fupi M18. Kwenye hii straika haivutwi nusu, inakuwa imevutwa tayari, kazi ya kidole ni kuiachia. Triga yake unaihisi fupi na safi, watu wanaipenda. Mwaka ule ule ikaonekana kwamba bastola ikianguka kwa pembe fulani, ikipiga chini kwa nyuma ya slaidi, inaweza kufyatuka.

REHEMA: Na hapo hakukuwa na kipande kilichochakaa.

ATHUMANI: Hata kimoja. Triga ya mwanzo ilikuwa nzito kama kipande, sizungumzii uzito wa kuivuta. Bastola inasimama ghafla kwenye sakafu, triga bado inaendelea na mwendo, inajivuta yenyewe. Jeshi lilikuwa limeliona hilo kwenye majaribio yake, na zile za jeshi zikawekewa vipande vyepesi. Agosti 2017 kampuni ikatangaza marekebisho ya hiari kwa za raia: triga nyepesi, straika nyepesi, na kikaongezwa kitenganishi, kipande kinachoizuia triga kuiachia straika kabla slaidi haijafunga. Mwenye P320 ya zamani akague kama yake imerekebishwa. Na kwa bastola yoyote ya namna hii, ambapo springi nzima inasubiri nyuma ya ukingo mdogo wa chuma, sitaki kusikia mtu ameshika msasa.

REHEMA: Lakini video za kupolishi triga ziko kila mahali.

ATHUMANI: Ziko, na zinaniletea kazi ambayo siifurahii. Vipande hivi vina ngozi ngumu juu, chini yake chuma ni laini zaidi. Ukiisugua ile ngozi, siku ya kwanza triga inateleza ajabu. Baada ya muda ule ukingo unaanza kuliwa, pembe zinaviringika, na sasa hujui lini utaachia bila kuombwa. Dereva wa daladala anaijua klachi yake kwa mguu, ikianza kuteleza anajua kabla ya abiria. Nawe kijue kidole chako hivyo. Ukuta uliokuwa mkali ukianza kuwa butu, au triga ikawa hairudi kwa ule mlio mfupi uliouzoea, weka chini, peleka kwa fundi mwenye kibali. Na uende na leseni yako mkononi. Hapa Tanzania sheria ya silaha ya 2015 haina mchezo.

REHEMA: La mwisho, fundi, kabla hatujaachana. Mafuta. Watu wanamwaga mafuta kila tundu wanaloliona.

ATHUMANI: Tone dogo pale konekta inapokutana na baa, tone kwenye kila reli ya slaidi, na kidogo juu ya mtutu. Basi. Kwenye njia ya straika, hapana! Iache kavu kabisa. Mafuta yakiingia mle yanakamata masizi na unga wa shaba, yanakuwa tope, na straika inakwenda mbele kwa uvivu. Nimefungua nyingi ambazo wenyewe walikuwa tayari wamenunua springi mpya, na nilichofanya ni kusafisha tu ile njia kwa pamba na kuikausha.

REHEMA: Kwa hiyo ndugu yetu aanze na kusafisha kabla ya kununua kitu.

ATHUMANI: Aanze hapo. Halafu apige risasi kumi za aina ile ile, aokote maganda yote kumi, atutumie picha za vitako vyake. Wiki ijayo tutaziangalia pamoja.