Mheshimiwa Asalimie Kidogo

Asalamu alaikum. Bwana asifiwe. Na ambao hamjaitikia kokote, hamjambo? Vizuri, sasa tumeenea.

Nashukuru mmeniita hapa Pumwani, Nairobi, maana mjadala huu ukifanyiwa kwenye hoteli za Westlands huwa mwepesi mno. Hapa Majengo adhana na spika ya kwaya zinasikika kwenye baraza moja, na si ajabu mtu kuwa na shangazi wa huku na mjomba wa kule. Ukianza kuwasema "wale wengine" unajikuta unamsema aliyekaa ubavuni mwako.

Mwaliko wenu uliniuliza kama dini iondolewe kwenye siasa. Wazee wangu, haiondoki. Sensa ya 2019 ilikuta karibu asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo na karibu 11 ni Waislamu. Bunge hufungua vikao kwa sala. Katiba ya 2010 inaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, halafu ikifika kifungu cha 8 inatamka kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Kuna wanasheria wanaoona hapo pana mgongano. Mimi sioni. Wananchi wana dini zao, Serikali haina yake, na kifungu cha 32 kinamlinda kila mtu na imani yake, hata yule asiye na imani yoyote.

Ninachotaka tujiulize jioni ya leo ni nani anamwambia nani. Kuna siku mtu wa dini anasimama amwambie mtawala asichotaka kusikia. Na kuna siku mtawala anaachiwa mimbari awaambie waumini anachotaka yeye. Yote mawili tunayaita dini na siasa, kisha tunagombana usiku kucha bila kujua tunagombania lipi.

Vijana waliozaliwa baada ya 2000, nivumilieni niwarudishe nyuma. Mwaka 1986 KANU, chama tawala wakati huo, ilipitisha upigaji kura wa mlolongo: unapanga foleni nyuma ya mgombea au ya picha yake, mchana, chifu akikutazama. Baraza la makanisa, NCCK, lilipinga. Hoja yake moja ilikuwa ya kawaida kabisa: mchungaji akipanga foleni nyuma ya mtu mmoja Jumatatu, Jumapili atawahubiria vipi waliosimama foleni ya pili? Mlolongo ulitumika 1988 hata hivyo, na kuna mahali foleni fupi ilitangazwa mshindi watu wakiwa bado wamesimama hapohapo wanajihesabu.

Wakati huo vyama vya upinzani havikuwepo, magazeti yaliogopa, na wasomi kadhaa walikuwa kizuizini au uhamishoni. Mahali palipobaki pa kusemea palikuwa kanisani. Mchungaji Timothy Njoya wa kanisa la Presbyterian, PCEA, alifungua mwaka 1990 kwa mahubiri akisema yaliyozikuta tawala za chama kimoja Ulaya Mashariki yatazifikia na za Afrika. Mawaziri walimrukia. Askofu David Gitari, mkosoaji mwingine wa utawala, alivamiwa nyumbani kwake usiku mwaka 1989. Na Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa hadharani na waziri, Peter Okondo, kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge akaenda. Tarehe 14 Agosti 1990, akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori akafariki. Okondo alijiuzulu. Mwaka uliofuata, Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kilichofanya KANU chama pekee, kikaondolewa.

Sasa niambieni, dini ingekaa mbali na siasa miaka hiyo, nani angesema?

Julai 7, 1997, polisi waliingia na virungu na vitoa machozi ndani ya kanisa kuu la All Saints, pale Uhuru Highway, kuwafuata waliokuwa wakidai mageuzi ya katiba. Miaka miwili baadaye viongozi wa dini wakaanzisha mchakato wao wa katiba kwenye jumba la Ufungamano: Wakristo, Waislamu na Wahindu meza moja. Walibishana hadi mwaka 2001, walipounganishwa na tume ya Serikali ya kurekebisha katiba, iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai. Naomba masheikh na wachungaji mliopo mkumbuke mlishawahi kukaa meza ile, kwa sababu ilipofika 2010 wengi mlikuwa mmesahau.

Nalisema hili bila kuzunguka. Makanisa makubwa yaliipinga rasimu ya Katiba ya 2010 kwa sababu mbili, kipengele cha uavyaji mimba na Mahakama za Kadhi. Kwenye mahubiri tuliambiwa sharia inaingia mlangoni. Lakini mahakama hizo zilikuwepo kabla ya Kenya kuwepo. Zilikuwa za Pwani enzi za Sultani wa Zanzibar, na Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kwamba ukanda wa Pwani ukijiunga na Kenya huru, makadhi watabaki. Yalikuwa makubaliano, na makubaliano huheshimiwa. Kifungu cha 170 kimewawekea mipaka: ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu kisheria, tena pale tu ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Agosti 4, 2010 theluthi mbili ya wapiga kura walisema Ndiyo. Nani hapa, Mkristo, amewahi kuitwa mbele ya kadhi kwa nguvu?

Msipige makofi bado upande huu wa masheikh, maana na ninyi nina neno lenu. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki ya usawa ilegezwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu kwenye mambo hayohayo ya ndoa na urithi. Anayelipia ulegevu huo mara nyingi ni mwanamke au mtoto. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kuwa watoto wa baba Mwislamu wasinyimwe urithi eti kwa kuwa wazazi hawakuoana, na malalamiko yakatoka misikitini. Mimi naona mahakama ilifanya kazi yake. Tutabishana kwenye maswali, najua.

Turudi kwa anayeshika kipaza sauti. Baada ya KANU kung'oka 2002, viongozi wengi wa kanisa walijiona wameingia serikalini. Wengine waliingia kweli: Mchungaji Mutava Musyimi, aliyekuwa katibu mkuu wa NCCK, alichaguliwa mbunge wa Gachoka 2007. Kugombea ni haki yake. Lakini uchaguzi ule makanisa yaligawanyika kwa kabila, na damu ilipomwagika baada ya matokeo, sauti iliyokuwa imewatetemesha kina Okondo haikupatikana. Februari 2008 NCCK yenyewe iliomba radhi kwa kuegemea upande. Kwangu, uchaguzi ule ndipo mimbari ilipoanza kukodishwa.

Mnaijua Jumapili yenyewe. Misa imefika matoleo. Nje msafara unaingia, milango ya magari inapigwa moja baada ya nyingine, watoto wote wa Sunday school wanageuka. Wazee wa kanisa wanawainua akina mama wa mstari wa mbele, viti vya plastiki vinaondolewa, vinaletwa vile vya kitambaa kutoka ofisi ya padri. Anayesoma matangazo anakatiza habari za harusi: "Mheshimiwa atasalimia kidogo." Kidogo hiyo ni dakika arobaini. Anamtukana mpinzani wake, anaahidi lami, anatuomba tumwombee, kisha bahasha ya kaki inatoka, na mweka hazina anahesabu palepale kwenye meza ambayo dakika chache zilizopita ilikuwa na kikombe cha ushirika. Nanyi Waislamu wala msicheke. Mfungo wa Ramadhani ukiingia mnaona mifuko ya unga na tende ya futari ina picha ya nani.

Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana aliwanyima wanasiasa kipaza sauti mwaka 2021, huko Butere, huku vigogo wamekaa mbele yake. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alitangaza kwamba watumishi wa umma wasishiriki harambee, yaani michango ya hadhara, tena. Novemba mwaka huohuo akatoa pesa katika kanisa la Katoliki la Soweto, hapa Embakasi. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe: shilingi 600,000 za kwaya na baraza la parokia, na milioni 2 za nyumba ya padri. Nimeona maandamano mengi mjini hapa, lakini sijaona hoja iliyonyamazisha redio za matatu siku nzima kama ile risiti ya kurudisha.

Kisha Julai 2025 magazeti yakatoa michoro ya kanisa linalojengwa Ikulu, lililoripotiwa kugharimu shilingi bilioni 1.2. Rais alisema ni pesa zake na hamwombi mtu msamaha. Tuseme ni zake. Mpangaji hajengi nyumba ya mawe kwenye kiwanja cha landilodi, hata awe na simiti yake mwenyewe. Landilodi wa Ikulu ni pamoja na Mhindi wa Parklands, Mrasta wa Kibera na yule asiyeamini, na hakuna kati yao aliyeulizwa.

Mtaniambia: mwalimu, basi Serikali iwadhibiti wahubiri wote, tumeona Shakahola, waumini walivyoambiwa wafunge hadi kufa. Ile miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa Kilifi kuanzia Aprili 2023 inatosha kumnyima mtu usingizi. Lakini kuwafisha watu kwa njaa ni jinai kwa sheria tuliyonayo, awe mhubiri au asiwe. Nahofia leseni ya kuhubiri itakayotolewa na ofisi ileile ambayo 1990 ingemnyang'anya Njoya ya kwake siku ya pili yake.

Ninachopendekeza ni kidogo. Padri na sheikh waseme siasa wanavyotaka: kodi, wizi wa dawa, vijana wanaotekwa. Tarehe 25 Juni 2024 waliojeruhiwa walitibiwa All Saints na msikiti wa Jamia, hakuna aliyeulizwa dini, na hiyo ilikuwa siasa. Mwanasiasa naye aje aswali, akae alipopata nafasi, atoe sadaka kwenye kapu kama sisi, asiitwe mbele. Uchaguzi ni Agosti 2027. Kamati za kanisa na za misikiti zilizomo humu zinaweza kuandika uamuzi huo wiki hii, ukabandikwa mlangoni kabla misafara haijaanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona mikono mitatu tayari upande wa masheikh, na najua ni ya nini. Tuanze na huyo mama wa nyuma kwanza.