Barua Pepe Ibishe Hodi, Isipewe Kalamu

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa uzamili na uzamifu, hamjambo?

Hapa Kisumu ukimwita Otieno kule kituo cha mabasi, watageuka watu kumi. Kwenye hifadhidata za makala ni vivyo hivyo. Otieno wa samaki wa Ziwa Victoria na Otieno wa malaria hurundikiwa kazi pamoja kana kwamba ni mtu mmoja. Ndiyo maana nawahimiza mchukue nambari ya ORCID, inayomtambulisha kila mtafiti peke yake na kubeba wasifu wa kazi zake mtandaoni. Huduma hiyo ilianza mwaka 2012, ni ya bure, na tarakimu zake 16 utabaki nazo hata ukibadili jina au ukihama chuo.

Sasa nije kwenye swali mnaloniuliza sana: kwa nini nisiunde programu ndogo ya kusoma barua pepe zangu, ikiona "makala yako imekubaliwa" iiandike yenyewe kwenye wasifu wangu wa ORCID?

Mimi sikubaliani na njia hiyo. Kwanza, lango la bure la ORCID, yaani njia ambayo programu huunganishwa nayo, huruhusu programu kusoma taarifa za wazi tu. Kuandika ni kwa taasisi wanachama, tena kwa idhini yako. Pili, tazameni vikasha vyenu. Mimi ni mtafiti wa udongo, lakini leo asubuhi nimeletewa mialiko miwili ya majarida ya meno. Programu itayatenganishaje hayo na jarida la kweli?

Njia ya uhakika ipo. Unapowasilisha makala, ingia kwa ORCID yako palepale kwenye fomu. Ikichapishwa, mchapishaji hupeleka taarifa zake Crossref, shirika linalosajili makala, pamoja na DOI, yaani nambari ya kudumu ya makala, na nambari yako ya ORCID. Kisha Crossref hukuomba ruhusa ya kuingiza makala kwenye wasifu. Ukikubali mara moja, zinazofuata huingia zenyewe. Ombi hilo mimi nililipuuza mwaka mzima, nikidhani ni ulaghai. Siku nilipolibofya, makala iliingia na jina la jarida, mwaka, waandishi wote, bila mimi kuandika hata herufi moja.

Kazi ya barua pepe, basi, ni kukujulisha. Tengeneza kichujio kinachoziwekea alama barua za ORCID zisizame. Kwenye wasifu wako wa Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, chagua kuletewa mabadiliko kwa barua pepe uyakague kwanza, badala ya kuyaacha yaingie yenyewe. Otieno, hili usilikose.

Na kuna jambo linaloniuma. Mwenzangu mmoja mkataba wake uliisha, chuo kikaifunga anwani yake ya barua pepe wiki hiyohiyo. Alipoomba kubadili nywila ya wasifu, kiungo kilikwenda kwenye anwani isiyofunguka tena. Kazi ya miaka tisa, na mlango umefungwa.

Kwa hiyo toeni simu. Ingieni kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya barua pepe, muongeze anwani ya pili, iliyo yenu binafsi, kisha mfungue ujumbe wa kuithibitisha. Nitapita safu kwa safu. Aliyekwama ainue mkono.