Mavazi ya Wahazara: Kutoka Milima ya Hazarajat Hadi Ughaibuni

Mabibi na mabwana, anayetaka kuyaelewa mavazi ya Wahazara na aanze na baridi. Hazarajat, nchi yao ya asili katikati ya Afghanistan, ni nchi ya milima. Bamyan peke yake iko kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana vazi lililowapa sifa ni la baraki, kitambaa kizito cha sufu ambacho wanawake husokota nyuzi zake kwa mkono, wakazifuma, kisha kitambaa kikaloweshwa maji ya moto na kukanyagwakanyagwa mpaka kikanywea, kikashikamana na kuwa kinene kiasi cha kuzuia upepo. Kwacho hushonwa koti refu la mwanamume, mara nyingi la rangi ya sufu yenyewe, nalo halihitaji pambo.

Pambo ni la wanawake. Gauni lao pana huvaliwa juu ya suruali, na kifuani hutariziwa kwa nyuzi za rangi, mishono midogo yenye maumbo ya mraba na pembe, pengine na sarafu za fedha. Ufundi huohuo huonekana katika kitambaa cha kufungia turba, kile kipande cha udongo ambacho Mshia huwekea paji la uso anaposujudu. Wahazara wengi ni Mashia, na Waithnaasheri wa Dar es Salaam na Mombasa wangeitambua turba hiyo mara moja. Kwa maoni yangu, vitambaa hivi vidogo vinalishinda gauni lolote la harusi.

Vita ambavyo Amir Abdur Rahman Khan, mtawala wa Afghanistan, aliwapiga Wahazara kuanzia 1891 hadi 1893, viliwatawanya wengi hadi Quetta, ambayo leo iko Pakistan, na Mashhad, Iran, ambako mavazi ya kila siku yakawa ya majirani, na lile la kale likabaki la sherehe. Leo hushonwa kwa vitambaa vya kiwandani na kutariziwa kwa mashine, likang'aa kuliko zamani, jambo ambalo wazee hawalipendi sana.

Mwezi Mei 2022 Taliban waliamuru wanawake wafunike nyuso zao hadharani. Tangu hapo gauni hilo la nakshi huonekana kwa uhuru zaidi katika mitaa ya Melbourne, Australia, walikohamia baadhi yao, kuliko Kabul.