Shabaha ya Mrushaji Hujengwa kwa Mchezo

Walimu wa michezo na makocha wenzangu, asanteni kwa kufika. Nianze na Aasif Karim. Machi 2003, mjini Durban, Kenya ikikabiliana na Australia kwenye Kombe la Dunia la kriketi, spina huyu wa mkono wa kushoto, yaani mrushaji anayezungusha mpira badala ya kutegemea kasi, alirusha ova 8 (kila ova ni mipira 6) na mipira 2, akawapa wapinzani mikimbio, yaani alama, 7 tu na kuchukua wiketi 3, yaani kuwatoa wapigaji 3, akiwemo nahodha wao Ricky Ponting. Ova 6 hazikutoa mkimbio hata mmoja. Kenya ilishindwa siku ile, lakini wapigaji waliokuwa mabingwa wa dunia walibanwa na mtu asiye na kasi, kwa sababu mpira wake ulidunda pale alipotaka.

Sasa tazameni mazoezi yetu. Mtoto anapanga foleni, anarusha, anarudi nyuma ya foleni. Akikosa hapotezi kitu, akipata hapati kitu. Kwa mtindo huo atachoka bega tu.

Jambo la kwanza, mpeni shabaha iliyo chini, si wiketi, yaani vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji. Anayekodolea macho vijiti mara nyingi humfikishia mpigaji mpira usiodunda, na huo ni zawadi. Tandikeni kipande cha mkeka, mita 6 hadi 7 kutoka kwenye wiketi kwa mrushaji wa kasi aliyekomaa, karibu mita 4 kwa spina. Kwa watoto kisogezeni karibu zaidi na wiketi. Kama hamna mkeka, chovyeni mpira wa tenisi kwenye maji. Kwenye sakafu ya saruji utaacha doa, na mrushaji ataliona kwa macho yake mwenyewe kabla halijakauka. Hapo hahitaji kelele za kocha.

Kisha wekeni gharama. Kila jozi ianze na pointi 10. Mkeka unaongeza 2, waidi, yaani mpira uliopita mbali na mpigaji, inakata 3. Mwenzake ndiye anayetaja shabaha, mrushaji akiwa bado hajaanza kukimbia: mkekani, au yoka, yaani mpira unaodunda miguuni pa mpigaji. Shabaha ibadilike kila mpira. Wengi watavuruga mwanzoni, na makocha wenye haraka watataka kurudi kwenye foleni. Vumilieni, maana kwenye mechi hakuna anayerusha mpira uleule mara ishirini mfululizo.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni ova ya mwisho. Mpigaji halisi, wadakaji halisi, mpigaji anatakiwa kupata mikimbio 8. Mrushaji anapanga wadakaji wake mwenyewe, na hapo ndipo utamjua: kama amewajaza upande mmoja halafu anarusha upande wa pili, shida yake haiko mkononi, iko kwenye mpango.

Mkiona mkono unaanza kushuka, simamisheni, hata kama pointi hazijaisha. Mgongo wa kijana unaokua huumia kwa kurusha kupita kiasi. Chukueni mikeka, tutoke nje tujaribu.