Weka plaizi chini: viti vya umeme kwenye gari la zamani

Mhadhara kwa mafundi umeme wa magari, Ilala, Dar es Salaam

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi, wenzangu mlioacha kazi siku ya Jumamosi, siku ambayo wateja ndio wengi.

Kabla sijasema lolote, pitisheni hiki mkono kwa mkono. Ni kipande cha waya, urefu wake kiganja. Tazameni katikati, pale palipoungwa: umesokotwa kwa vidole, ukazungushiwa soltepu. Gamba lake limekuwa jeusi, ukilikunja linavunjika kama kaukau. Nilikitoa chini ya kiti cha dereva, kwenye Toyota Mark II ya 1998. Mwenye gari alikuja kwangu akisema ananusa mpira unaoungua kila akirekebisha kiti. Tulipofunua kapeti, tayari lilikuwa na tundu la kuungua, ukubwa wa sarafu.

Aliyeunga pale hakuwa mtu asiyejua kazi. Aliletewa viti vya umeme kutoka gari jipya zaidi, soketi hazikuingiliana, akachukua plaizi akakata pande zote mbili na kuunga rangi kwa rangi. Kiti kikatembea, mteja akalipa. Wengi wetu humu tumewahi kufanya hivyo, na mimi nimefanya.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mota ya kiti ikisukuma mtu mzito, au kiti kikigota mwisho wa reli na mtu bado kashikilia swichi, inaweza kuvuta ampea 15. Kiungo kibovu kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, kiasi ambacho mita nyingi za bei rahisi hazikisomi vizuri, joto linalozaliwa pale ni 15 mara 15 mara 0.1. Ni wati 22 na nusu. Pasi ndogo ya kuchomelea risasi ina wati 25 hivi. Maana yake umeweka pasi ya risasi ndani ya soltepu, ukaifunika kwa kapeti, ukamkalisha mtu juu yake. Na hapo hapo volti moja na nusu imepotea, kwa hiyo mota inalia kama imechoka. Mteja anaambiwa mota imekufa, ananunua nyingine, na nayo inalia vilevile.

Sizuii mtu kufunga viti vizuri. Foleni ya kutoka Mbagala kuingia mjini mnaijua. Mtu anakaa kwenye kiti kile muda mrefu kuliko anavyokaa sebuleni kwake, na sponji ya gari la miaka ya 90 imeshabonyea hadi unahisi chuma. Mgongo wa mteja ni jambo la maana. Ninachotaka tuondoke nacho ni kimoja: gari la mteja lisikatwe waya hata mmoja. Nyaya zake zikibaki kama zilivyotoka kiwandani, fundi atakayelishika baada yako atafungua mchoro wa nyaya na kukuta kilichochorwa. Ukikata, mchoro ule umekuwa uongo, na hakuna mahali ulipoandika ukweli.

Tuanze na kiti chenyewe, kwa sababu watu wanakiogopa bure. Unageuza kiti, unakuta soketi yenye pini nyingi, unakata tamaa. Lakini kiti cha umeme cha kawaida kinahitaji nyaya mbili tu kutoka kwenye gari: chanya ya moja kwa moja, yaani ile yenye umeme muda wote, na eathi, yaani hasi inayorudi kupitia bodi ya gari. Hizo zinaingia kwenye swichi, na swichi ndiyo inayogawa kwa mota. Usipobonyeza, nyaya zote mbili za mota zimelala kwenye eathi. Ukibonyeza mbele, mmoja unapata chanya. Ukibonyeza nyuma, unapata wa pili, na mota inageuza mwelekeo. Yote hayo yako ndani ya kiti na yanakuja pamoja nacho. Pini zilizobaki ni za swichi ya mkanda, za joto la kiti, za eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Joto la kiti, hapa Dar, acheni kabisa. Feni ya kupuliza hewa kwenye kiti, kama ipo, hiyo nitaipigania.

Ipo aina nyingine. Kiti chenye kumbukumbu, vile vitufe vya 1 na 2 vinavyorudisha kiti pale dereva anapopenda. Hiki kina kompyuta yake, inazungumza na kompyuta nyingine za gari kwa nyaya za mawasiliano. Baadhi ya hivyo, ukivipa umeme peke yake, havisogei, vinangoja kusikia sauti ya gari lao. Kuna mafundi wanaovidanganya vikatembea. Ushauri wangu kwenu: kwa gari la zamani, nunueni kisicho na kumbukumbu. Muda utakaoupoteza hautalipwa.

Na kazi hii inashinda au kushindwa dukani, siyo gereji. Ukienda mtaa wa Gerezani, kwenye vipuri vilivyotumika, kununua kiti, usikubali kiti kitupu. Mwambie muuzaji akupe na soketi ya upande wa gari, lile jike lililobaki sakafuni, likiwa na waya wa futi moja. Gari lile limeshavunjwa, waya wake ndio wa kukatwa. Akisema ameshalitupa, nenda duka la pili. Hiyo soketi ndiyo itakayokuokoa, na mara nyingi utapewa bure.

Nenda na betri ndogo na waya wenye fyuzi ya ampea 20. Jaribu kila upande: mbele, nyuma, juu, chini, mgongo. Betri hiyo itakufaa hata kukitoa, maana kiti cha umeme kikibaki nyuma kabisa kinaficha bolti zake, na gari la kuvunjwa halina umeme wa kukisogeza. Kisha nusa sponji. Tazama reli kama zina kutu, tazama pini kama zina ukijani. Sisi tunaishi na masika, tunalijua bonde la Jangwani linavyojaa maji. Kiti kilichowahi kulowa kitakaa kimya miezi mitatu halafu kikusumbue. Na kama kimetoka kwenye gari la usukani wa kushoto, yale yanayopitia Dubai, kumbuka kiti cha dereva wake kwetu ni cha abiria. Ukikihamishia kwa dereva wetu, swichi inakuja katikati ya gari pembeni ya gia na kifungio cha mkanda kinakwenda mlangoni. Usikinunue kwa dereva.

Sasa waya wa kati, yaani kipande unachotengeneza mwenyewe mezani: mwisho mmoja una jike linaloingia kwenye kiti kipya, mwisho wa pili una dume linaloingia kwenye soketi ya gari. Kama gari lilikuja na viti vya umeme vya zamani, chanya na eathi zipo tayari kwenye soketi yake. Kwenye Toyota, eathi ni waya mweupe wenye mstari mweusi, lakini pima, rangi isikutoshe. Kama lilikuja na viti vya mkono, chanya ya kiti haipo, na usiibe kwenye waya wa redio wala wa kiberiti cha sigara. Vuta waya mpya kutoka betri, milimita za mraba 4, fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, upite kwenye tundu la mpira lililopo tayari ukutani mwa injini, halafu chini ya plastiki ya mlangoni. Eathi ifunge kwenye bolti ya eathi ya kiwandani.

Pini zikiwa hazijapangika sawa, hapo ndipo watu hurudi kwenye plaizi. Usikate. Kila pini imeshikwa na ulimi mdogo, na soketi nyingi zina kufuli la pili la plastiki mbele au ubavuni. Inua kufuli kwanza, ingiza sindano nyembamba mbele, bonyeza ulimi, vuta waya taratibu kwa nyuma. Inatoka nzima. Unaiweka kwenye tundu unalotaka, inalia *ta*, umemaliza. Ukiona unatumia nguvu, kufuli bado limefungwa.

Dada pale mbele ameuliza kuhusu soketi ya njano. Ahsante, ningetaka kuulizwa hilo. Njano ni eabegi na kivuta mkanda, kile kinachoukaza mkanda gari likigonga, vitu vyenye baruti. Volvo waliweka eabegi ya pembeni kwenye kiti mwaka 1994, na wengine wakafuata. Gari lako la zamani likiwa halina, na kiti kipya kinayo, soketi ile iache bila kuunganishwa, uifunge vizuri isining'inie. Nyingi zina kibati ndani kinachounganisha pini zake zikichomolewa, zisipokee umeme kwa bahati mbaya. Usiiguse kwa mita hata mara moja, kwa sababu mita ikipima omu inatuma umeme wake yenyewe.

Gari likiwa na eabegi za pembeni tangu awali, kiti kipya lazima kiwe na za aina ileile, au usifunge. Najua wapo wanaoweka rizista ndogo, kikinzani kinachoidanganya kompyuta kwamba eabegi ipo, kuzima taa ya eabegi kwenye dashibodi. Taa ikizimika, mama anayeendesha gari lile anaamini analindwa. Mimi siifanyi kazi hiyo kwa bei yoyote, na ninawaomba nanyi msiifanye. Kabla ya kuchomoa chochote cha njano, ondoa hasi ya betri na usubiri. Toyota wanasema sekunde 90. Mimi nasubiri dakika tano, nakunywa chai.

Kuhusu bolti nasema kwa kifupi. Kifungio cha mkanda kimekaa kwenye kiti, kwa hiyo gari likigonga, uzito wa mtu unavutwa na zile bolti nne. Tumia za kiwandani. Matundu yasipolingana, tafuta reli za kiti cha zamani au tafuta kiti kingine. Usitoboe sakafu.

Maswali mengine tutayajibu tukiwa kazini. Kwenye meza ile kuna soketi sita za magari tofauti, na sindano. Plaizi zote nimeziacha nyumbani. Sogeeni wawili wawili, kila mmoja atoe pini moja nzima na kuirudisha.